Nenda Kabla Sijatoka Eda

Mwanangu Mwanaidi,

Salamu tutapeana ukirudi kutoka sokoni, kwa hiyo hapa naanza moja kwa moja kabla sijaishiwa ujasiri. Nimekutuma Rangi Tatu ukaninunulie uzi mweusi, na nikakwambia usinunue duka la hapa mtaani kwa sababu uzi wao unakatika. Uzi wao haukatiki. Nilitaka nipate muda wa kuandika bila wewe kunichungulia begani. Shangazi yako Tatu ameswali alasiri na sasa amelala sebuleni, na unajua akilala haamshwi na jambo dogo.

Asubuhi umetoa nguo zako kwenye begi. Nilikuwa nimekaa hapa kitandani nikikutazama. Ulitoa sweta la kijivu, ukatoa blanketi, ukatoa bahasha ya vyeti ukaiweka juu ya kabati, halafu ukasema, "Mie siendi, mama. Nitaendaje nikuache humu ndani?" Nami nikakujibu, "Utakavyoona mwenyewe." Ukaenda kuosha vyombo.

Nataka ujue kilichonipata ulipotoka. Nilifurahi. Sijafurahi namna ile tangu tumzike baba yako. Nilijilaza, nikavuta shuka hadi kidevuni, nikawaza kwamba kesho asubuhi nitakusikia uani ukigombana na kuku wa Mama Kulwa wa chumba cha pili, na keshokutwa pia, na siku zote zilizobaki za eda yangu. Kisha furaha ile ikanitisha. Mwanangu amepangiwa kazi ya ualimu Makete, kazi aliyoisubiri miaka miwili. Siku za kuripoti zimebaki nne, zikipita nafasi anapewa mwingine, na mimi mama yake nimejifunika shuka nafurahi.

Ndiyo maana nimechukua daftari lako la zamani na kuchana karatasi za katikati. Mambo ya kuchemsha maji ya kunywa na kuvaa soksi mbili sitakuandikia, hayo unayajua kuliko mimi niliyezaliwa Lindi na kuzeekea Mbagala, sijawahi kuona baridi ya maana. Nitakuandikia makosa yangu. Hayo sijawahi kukusimulia, ingawa mengine yalikupata wewe mwenyewe.

Leo ni wiki ya tisa sijavuka mlango wa nje. Miezi minne na siku kumi ni mingi ukiikaa ndani ya chumba kimoja, hata kama mtu anaikaa kwa imani na kwa mapenzi ya mumewe. Dirisha hili linatazama ukuta wa jirani, na jirani mwenyewe aliujenga karibu mno, nikinyoosha mkono kupitia nondo naugusa. Nimehesabu matofali yote yanayoonekana. Ni thelathini na mawili, na moja lina alama ya kidole cha fundi aliyelishika likiwa bichi. Kuna saa nahisi hewa yote ya humu nimeshaivuta mara mbili. Shangazi yako anasema mjane asikae barazani, asicheke kwa sauti, asinuse uturi, na kila nikiinuka ananiuliza naenda wapi. Jana nilimjibu kwamba naenda Ulaya. Hakucheka.

Lakini unajua kwamba kufungwa humu hakukuanza na eda. Baba yako alipoanguka kazini Keko, akiwa anapiga msasa kitanda cha mteja, ulikuwa ndiyo kwanza umeingia kidato cha pili. Upande wake wa kulia ukafa, ulimi ukawa mzito, na kwa miaka tisa mimi na yeye tukawa wafungwa wa chumba kimoja. Yeye hakuweza kutoka. Mimi niliweza, ila kila nikifika sokoni moyo unakuwa nyumbani, nawaza ameanguka, nawaza amepaliwa na mate, nanunua nyanya bila kuchagua na kurudi mbio. Nilikuwa namwonea wivu kila mwanamke aliyesimama njiani kupiga soga.

Sasa nikwambie habari ya kitanda, maana ulikuwa mdogo na hukuelewa. Mwaka ule wa kwanza watu walikuja sana kumjulia hali. Mdomo wake ulikuwa umevutwa upande, mate yanamtoka, na baadhi ya waliokuja walikuwa wanamtazama kama watu waliosimama kwenye ajali barabarani. Nikakigeuza kitanda, akawa anatazama ukuta. Nikanunua na pazia zito la mlangoni, refu hadi sakafuni, ili anayepita kwenye korido asione kitu. Niliwaambia watu kuwa ni kwa ajili ya heshima ya mgonjwa. Si kweli. Ilikuwa aibu yangu mimi. Nilikuwa mke wa fundi hodari aliyevaa shati la pasi siku ya Ijumaa, na sikutaka waone nimebaki na nani.

Alikaa akitazama ukuta karibu miaka miwili, Mwanaidi. Hakulalamika, maana hata kusema "maji" ilimchukua muda. Mimi nikajua ameridhika.

Mpaka ilipokuja ile mvua iliyotoboa bati letu. Maji yalidondokea pale pale kwenye mto wake, tukakisukuma kitanda upande wa pili, kikawa kimeelekea mlango. Pazia nalo lililowa chepechepe, nikalianua na kutundika khanga. Khanga ni fupi, ikaacha uwazi chini wa kama urefu wa mkono. Nilikuwa nakung'uta godoro uani niliposikia sauti yake, sauti ambayo sikuwahi kuisikia tangu aumwe, nikaingia mbio nikijua amepaliwa. Alikuwa anacheka. Alikuwa ameona miguu ya Mama Kulwa ikipita koridoni, mguu mmoja una ndala ya bluu na mwingine una yeboyebo ya kijani.

Kuanzia siku hiyo alikuwa na mtaa wake chini ya khanga. Unakumbuka mwenyewe jinsi alivyowajua watu wote kwa miguu. Alikuwa akituambia kwa shida, neno moja moja, kwamba mwalimu wa madrasa amekata kucha, kwamba mpangaji wa chumba cha mwisho amenunua viatu vipya na vinambana. Ni yeye aliyetuambia habari ya zile raba nyeupe zilizokuwa zinasimama sana mbele ya mlango wetu kila ukishika ufagio. Uliona haya hadi ukajificha jikoni. Mimi sikujua lolote kuhusu raba nyeupe, na nilikuwa natembea humo humo koridoni kila siku.

Nilijisikia vibaya mno, na bado najisikia. Yule mtu alikuwa amefungwa kuliko sisi wote, na kitu alichohitaji kilikuwa uwazi mdogo chini ya pazia. Hakukipata kwa sababu mimi nilikuwa nalinda sura. Siku moja nilimwomba radhi. Akanitazama, akasema, "Ukuta nao ulikuwa mzuri." Hadi leo sijui alitania au alinisamehe, ila alikuwa ameshika mkono wangu.

Kosa la pili nililifanya nikidhani nimejifunza kutokana na la kwanza. Baada ya kuona anavyofurahia miguu ya watu, nikapata wazo kwamba nyumba hii yote inahitaji shukrani. Nikaweka sheria. Kila jioni kabla ya kula, kila mtu ataje jambo moja la siku hiyo la kumshukuru Mungu. Mwanzoni ilipendeza. Wewe ulishukuru kwa embe, ukashukuru kwa mwalimu aliyesahau kuwapima hesabu. Baba yako alishukuru kwa miguu. Taratibu nikaanza kuitumia sheria ile kama kufuli. Ukisema umechoka kumgeuza baba yako usiku, nakwambia shukuru yuko hai. Ukisema viatu vya shule vimeisha soli, nakwambia shukuru unasoma. Nilikuwa na jibu la kila kitu, na jibu lilikuwa kukunyamazisha.

Siku ya mahafali yako ya kidato cha nne sitaisahau. Nilikuwa na homa, sijiwezi, na mtu wa kubaki na baba yako hakuwepo. Ulikuwa umeshapiga pasi sketi. Uliivua ukaikunja, ukabaki. Tulisikia muziki wa shuleni kwenu hadi humu ndani. Jioni nikajikongoja kukaa mkekani, wali na mchicha viko mbele yetu, nikakwambia taja lako. Ukasema, "Leo sina, mama."

Nilikwambia utafute. Ukasema tena huna. Nikakupiga kofi.

Sikuwahi kukupiga usoni kabla ya siku ile, na wewe hukulia, ulinitazama tu. Ndipo baba yako akapiga kitanda kwa mkono wake mzima. Akasema, "Mwache." Halafu akakusanya nguvu, mishipa ya shingo ikamsimama, akasema, "Hata mie leo sina."

Tulikula. Nilikuwa namlisha baba yako kijiko kimoja, nakula changu kimoja, na ninyi wawili mkawa mnatazamana kama watu walioshirikiana kuiba sukari. Wali ule ulikuwa mtamu. Sijui kwa nini. Labda kwa sababu ilikuwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu kwamba hakuna mtu aliyekuwa anadanganya mkekani pale. Sheria yangu ikafa jioni ile na sikuifufua.

Ila madhara yalikuwa yameshafanyika. Ulishajifunza kunificha. Chuoni uliumwa wiki mbili nzima, na kila nikikupigia unaniambia, "Tunashukuru, mama, tuko poa." Niliambiwa na mtoto wa Mama Kulwa, aliyesoma chuo kimoja nawe, kwamba uliwahi kuanguka bafuni. Sikukulaumu. Nani angemwambia mama wa aina yangu kwamba anaumwa? Kwa hiyo ukifika huko ukikuta nyumba ya walimu ina panya, baridi inakukata masikio, na hakuna hata mmoja anayekuita Mwana, niambie hivyo hivyo. Sitakwambia ushukuru una kazi. Nitasema pole, nitanyamaza, nitakusikiliza. Nimechelewa kujifunza, lakini nimejifunza.

Kosa la tatu hulijui, au labda unalijua na umenistahi.

Kioo cha simu yako kilipopasuka uliweka laini yako kwenye simu yangu. Ilikuwa wiki ya sita ya eda. Ukiwa kisimani, ujumbe ukaingia kutoka kwa rafiki yako Neema uliyesoma naye chuo, anakupa hongera, majina ya ajira yametoka na wewe umo, Makete. Niliusoma mara tatu. Kisha nikaufuta. Nikaweka simu chini ya mto na ulipoingia na ndoo nikakuuliza kama foleni ilikuwa ndefu.

Siku tano nilikaa na jambo lile tumboni. Nilijiambia nasubiri wakati mzuri. Nilijiambia wangekupigia wenyewe. Nilijiambia mtoto hawezi kuondoka baba yake hajatimiza hata siku hamsini kaburini. Ukweli ni kwamba niliogopa chumba hiki bila wewe. Siku ya sita Neema akaja mwenyewe kutupa pole, akakukumbatia, akakuuliza, "Shosti, hukuona meseji yangu?" Ukaitazama simu, halafu ukanitazama mimi, na mimi nikawa natazama mkeka. Ukamjibu, "Labda mtandao." Nami nikadakia kwamba mtandao siku hizi hauaminiki kabisa.

Ukikosa kazi hii kwa kuchelewa, zile siku tano ni zangu. Nilizichukua. Ningekuomba msamaha uso kwa uso, lakini uso wako ungenifanya nilie, nikilia ungebaki, na nina wasiwasi kwamba hilo ndilo ambalo ningekuwa nalitafuta.

Sasa unisikilize kuhusu hali yangu, maana najua ndiyo inayokufunga miguu. Siko sawa. Kuna asubuhi naamka nahisi kuta zimesogea. Kuna siku natamani nitoke hivi hivi na khanga zangu za eda nitembee hadi barabara ya Kilwa nikasimame tu pale nione magari. Namkumbuka baba yako hadi mgongo unaniuma, na si maneno ya kusema tu, mgongo unauma kweli, mahali pale pale nilipokuwa namwinulia.

Na bado kuna vitu. Saa kumi jioni jua linapenya kati ya paa letu na la jirani, linaangukia ule ukuta wa matofali, na kwa dakika chache tofali lenye kidole linakuwa la rangi ya ufuta uliokaangwa. Nalisubiri. Kuna sauti ya Mama Kulwa akikuna nazi, na huwa anaimba mashairi akiyakosea. Kuna kikombe cha kwanza cha chai ya tangawizi kabla sijaanza kuongea na mtu. Juzi shangazi yako alikoroma hadi akajiamsha mwenyewe, akaniuliza nani anakoroma humu, nikasema ni mpangaji. Nilicheka ndani ya khanga mpaka mbavu zikauma, halafu nikaona haya, halafu nikakumbuka kwamba baba yako angecheka zaidi yangu.

Sikuandikii haya ili uone niko vizuri. Vitu hivi havifungui mlango. Vinanifikisha magharibi tu, na kesho navitafuta upya, na siku nyingine sivipati, nami sijilazimishi. Lakini nimegundua kwamba vyote havimgharimu mtu. Jua lile halimnyimi jirani, na chai yangu haipunguzi ya mtu. Furaha ya asubuhi hii, ile ya kujifunika shuka, ilikuwa inakula kwako. Hiyo ndiyo tofauti niliyoiona leo nikiwa nimelala, na ndiyo iliyoniinua kitandani. Hata wewe huko uendako utakutana na furaha za namna hiyo, na hazitakuja na alama usoni. Mimi yangu imenichukua miaka hamsini na moja kuitambua.

Shangazi yako nitazungumza naye. Ameshaniambia mara mbili kwamba mtoto wa kike haachi mama yake kwenye eda, na kwamba watu watatuonaje. Nimemjibu kwamba eda ni yangu, wewe hukufiwa na mume. Atanuna. Ameshanuna kwa mambo madogo zaidi, na bado anakula.

Nimezirudisha nguo zako begini, na bahasha ya vyeti iko juu kabisa. Basi linaondoka Mbezi kesho alfajiri. Baba Kulwa atakusindikiza na bajaji yake, nimeshamtumia ujumbe kupitia mkewe, maana mimi mwenyewe sitaweza kufika hata getini. Tutaagana humu chumbani. Usiifanye ndefu.

Jambo la mwisho ndilo gumu, na nimelizunguka barua nzima. Siku ya kutoka eda, unajua desturi ya kwetu. Binti ndiye anayemmwagia mama maji, anamvisha nguo mpya, anampaka hina, kisha anamshika mkono na kumvusha mlango wa nje mbele ya watu. Nimeiwaza siku hiyo tangu usiku wa kwanza. Katika kuiwaza kwangu mkono ni wako siku zote. Nimepiga hesabu, inaangukia katikati ya muhula wenu, na nakujua, utakwenda kwa mwalimu mkuu kuomba ruhusa, safari ya siku nzima kuja na siku nzima kurudi.

Usiombe. Siku hiyo uwe darasani, chaki mkononi. Nitashikwa na shangazi yako, na kama bado amenuna nitavuka mwenyewe. Inawezekana kabla ya hapo nitakupigia simu nikilia, nikikuomba urudi. Najijua, nitapiga. Ukiipokea useme pole mama, unisubiri nimalize kulia, halafu ukafundishe.

Mama yako